Maelezo: RNA iliyorekebishwa na vita dhidi ya MERS Saudi Arabia

Virusi vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza mjini Jeddah mwaka 2012 vimeua zaidi ya watu 900, na bado havina dawa wala chanjo iliyoidhinishwa. Miongoni mwa njia zinazochunguzwa ni vipande vifupi vya RNA vinavyoshikamana na RNA ya virusi na kuizima. Swali gumu katika kazi hiyo ni la kemia: vipande hivyo vinapaswa kushikamana kwa nguvu kiasi gani?

Mgonjwa wa Jeddah

Mwezi Juni mwaka 2012 mwanamume mwenye umri wa miaka 60 alilazwa katika Hospitali ya Dk. Soliman Fakeeh mjini Jeddah akiugua homa ya mapafu. Baadaye figo zake nazo zilishindwa kufanya kazi, na siku 11 tangu alazwe akafariki dunia.

Mtaalamu wa virusi katika hospitali hiyo, Dk. Ali Mohamed Zaki, raia wa Misri, alipima magonjwa yote aliyoyashuku bila kupata jibu. Virusi alivyovikuza kutokana na makohozi ya mgonjwa vilichunguzwa pia na timu ya Profesa Ron Fouchier katika kituo cha matibabu cha Erasmus mjini Rotterdam, Uholanzi, ikabainika kuwa ni aina mpya ya virusi vya korona. Mwaka uliofuata ugonjwa huo ukapewa jina la MERS, yaani ugonjwa wa mfumo wa kupumua wa Mashariki ya Kati.

Tangu wakati huo Shirika la Afya Duniani, WHO, limeorodhesha zaidi ya wagonjwa 2,600, na zaidi ya asilimia 80 kati yao waliugua nchini Saudi Arabia. Takriban mtu mmoja kati ya kila watatu waliothibitishwa kuugua alikufa. Mwaka 2014 maambukizi yalienea katika hospitali za Jeddah. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Riyadh. Katika miji yote miwili wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Mwaka huo wa 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz mjini Jeddah walichapisha ushahidi wa mtu aliyeambukizwa na ngamia wake mwenyewe. RNA ya virusi iliyopatikana kwa mwanamume huyo na ile ya ngamia wake zilifanana kabisa.

Jambo hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Damu ya ngamia iliyohifadhiwa nchini Kenya tangu mwaka 1992, na nchini Somalia tangu mwaka 1983, imekutwa na kinga dhidi ya virusi hivyo. Maana yake ni kwamba virusi vilikuwa vikizunguka miongoni mwa ngamia wa Pembe ya Afrika miongo kadhaa kabla ya mgonjwa wa Jeddah, na ngamia wa eneo hilo husafirishwa kwa meli kuvuka Bahari ya Shamu hadi masoko ya Saudi Arabia.

Kuhusu tiba, jaribio kubwa zaidi lilifanyika Saudi Arabia kwenyewe kati ya mwaka 2016 na 2020, likiongozwa kutoka Riyadh na Profesa Yaseen Arabi. Wagonjwa 95 walishiriki. Katika kundi lililopewa mchanganyiko wa dawa mbili za ukimwi, lopinavir na ritonavir, pamoja na interferoni, asilimia 28 walikufa; katika kundi ambalo halikupewa, walikufa asilimia 44. Ni nafuu kubwa, lakini dawa hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya MERS.

Uzi wa herufi 30,000

Virusi vya MERS havina DNA. Maagizo yao yote yameandikwa kwenye uzi mmoja wa RNA wenye herufi karibu 30,000.

Kila herufi ni kitofali cha kikemia chenye sehemu tatu: sukari iitwayo ribosi, fosfati inayokiunganisha kitofali kimoja na kinachofuata, na besi, ambayo ndiyo herufi yenyewe. Besi ziko nne: adenini, urasili, guanini na sitosini. Adenini hupachana na urasili, na guanini hupachana na sitosini. Nyuzi mbili ambazo herufi zake zinapachana hivyo hujisokota pamoja kama kamba, zikawa nyuzi pacha.

Vitabu vya shule husema kwamba kinachozishika nyuzi hizo ni vifungo vya haidrojeni, viwili kati ya adenini na urasili, na vitatu kati ya guanini na sitosini. Hiyo ni kweli, lakini si habari yote. Sehemu kubwa ya nguvu hutokana na besi kulaliana, moja juu ya nyingine, mithili ya chapati zilizopangwa kwenye sinia. Ndiyo sababu nyuzi mbili zenye idadi sawa ya kila herufi zinaweza kutofautiana kwa uimara: mpangilio wa herufi una uzito wake.

Kuzima ujumbe

Mwaka 1998 Wamarekani Andrew Fire na Craig Mello walitangaza kwamba nyuzi pacha za RNA, zikiingizwa ndani ya mnyoo mdogo, huzima jeni yenye herufi zinazolingana nazo. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl nchini Ujerumani lilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana hata katika seli za binadamu, mradi nyuzi hizo ziwe fupi, za herufi takriban 21 kila mmoja. Vipande hivyo hujulikana kwa kifupi kama siRNA.

Utendaji wake una hatua mbili, na katika hatua hizo ndimo ulimo ugumu wa kazi yote.

Kwanza, nyuzi pacha huingia katika protini ya seli iitwayo Argonaute. Humo nyuzi hizo hutenganishwa: mmoja hutupwa, na mwingine hubaki kama kiongozi. Pili, uzi kiongozi hutafuta RNA yenye herufi zinazopachana nazo, iwe ya seli yenyewe au ya virusi. Ukiipata huishika, na Argonaute huikata.

Kwa hiyo uzi kiongozi hupata wenzi wawili katika maisha yake. Wa kwanza lazima waachane. Wa pili lazima washikane hadi kisu kipite. Anayetengeneza dawa ya aina hii hafanani na fundi anayetaka kamba imara kuliko zote. Anafanana zaidi na baharia anayefunga fundo ambalo lazima lishike wakati wa upepo na lifunguke wakati wa kushusha tanga.

Mjini Jeddah, watafiti wa kitengo cha vimelea hatari katika Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Mfalme Fahd, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, walilichukua jambo hilo na kulielekeza kwa MERS. Timu hiyo, wakiwemo Sayed Sartaj Sohrab na Esam Azhar, ilitumia kwanza kompyuta kuchagua vipande vinavyolingana na sehemu ya RNA ya virusi iitwayo ORF1ab, ambayo haibadiliki sana kutoka virusi vya mgonjwa mmoja hadi vya mwingine. Kisha vipande vilivyochaguliwa vikajaribiwa katika seli za figo za tumbili zinazokuzwa maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baadhi ya vipande hivyo vilipunguza kiasi cha virusi bila kuzidhuru seli.

Kutoka kwenye seli za maabara hadi kwenye mapafu ya mgonjwa, hata hivyo, ni safari ndefu, na kizuizi cha kwanza ni RNA yenyewe.

Adui wa ndani

RNA ya kawaida ikidungwa katika damu huvunjika ndani ya dakika chache. Damu, jasho na hata ngozi ya vidole vina vimeng'enya vinavyoikata, na mafundi wa maabara huvaa glovu si kwa ajili ya kujilinda tu, bali pia kuilinda RNA dhidi yao.

Chanzo cha udhaifu huo kiko katika sukari yake. Kaboni ya pili ya ribosi hubeba kikundi kidogo cha oksijeni na haidrojeni ambacho DNA haina. Kikundi hicho kinaweza kuugeukia mfupa wa fosfati ulio jirani yake na kuukata. Vimeng'enya vingi vinachofanya ni kuiharakisha tu kazi hiyo. Kwa maneno mengine, RNA hubeba mkasi wake yenyewe.

Dawa ya tatizo hilo ni rahisi kueleza: ondoa mkasi, weka kitu kingine mahali pake. Kilichowachukua wakemia miaka mingi ni kufahamu nini kiwekwe, na wapi.

Matofali mapya

Badiliko la zamani na lililozoeleka zaidi ni kuongeza kikundi cha methili juu ya ile oksijeni ya kaboni ya pili. Maumbile yenyewe hufanya hivyo: RNA za ribosomu katika mwili wa binadamu zina herufi nyingi za namna hiyo, na kwa sababu hiyo mwili hauzishangai. Badiliko la pili ni kuiondoa oksijeni kabisa na kuweka florini. Atomu hiyo ni ndogo, haichukui nafasi, na Argonaute huikubali hata mahali ambapo methili ingeizuia.

Mabadiliko hayo mawili yana faida nyingine ambayo haikuwa lengo la kwanza. Pete ya sukari si bapa. Hukunjika upande mmoja au mwingine. Nyuzi pacha za RNA huhitaji mkunjo wa aina moja tu, na methili au florini huielekeza sukari kwenye mkunjo huo mapema, kabla uzi haujakutana na mwenzake. Uzi ulio tayari kupachana hupachana kwa nguvu zaidi.

Wakemia wawili waliipeleka hoja hiyo hadi mwisho wake. Takeshi Imanishi nchini Japan mwaka 1997, na Jesper Wengel nchini Denmark mwaka 1998, kila mmoja na kundi lake, walijenga daraja la kaboni linaloifunga sukari moja kwa moja katika mkunjo unaotakiwa. Kitofali hicho hujulikana kwa herufi LNA. Hakuna kitofali kinachotumika sana kinachoongeza uimara wa nyuzi pacha kuliko hicho.

Yapo pia matofali ya kulegeza. Katika lile liitwalo UNA, pete ya sukari imefunguliwa, haina mkunjo wowote, na huining'iniza besi kama mlango uliotoka bawaba. Katika GNA, sukari nzima imebadilishwa kwa kipande kifupi cha kaboni tatu. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mkemia atumie muda wake kutengeneza kitofali dhaifu. Jibu litakuja hapo mbele.

Uimara hupimwaje?

Kipimo ni joto. Nyuzi pacha huwekwa katika maji yenye chumvi, kisha hupashwa moto polepole huku mwanga wa urujuanimno ukipitishwa ndani yake. Besi zilizolaliana hufyonza mwanga mchache. Nyuzi zinapoachana, besi huwa wazi na mwanga unaofyonzwa huongezeka. Joto ambalo nusu ya jozi zimekwisha kuachana huitwa joto la kuyeyuka.

Kwa kulinganisha, methili huongeza takriban nusu digrii hadi digrii moja kwa kila kitofali, florini huongeza digrii 1 hadi 2 na wakati mwingine zaidi, na LNA huongeza kati ya digrii 2 na 8. UNA hupunguza digrii 5 au zaidi. Badiliko jingine, la kuweka salfa mahali pa oksijeni moja ya fosfati ili kuvichelewesha vimeng'enya, hupunguza takriban nusu digrii kwa kila kiungo.

Tarakimu hizo zinahitaji tahadhari. Chumvi nyingi huzituliza fosfati, ambazo zote zina chaji hasi na husukumana, hivyo jozi moja huonekana imara zaidi katika maji ya chumvi nyingi kuliko katika damu. Wingi wa RNA ndani ya maji nao huliathiri jibu. Anayesoma kwamba kitofali fulani kimeongeza digrii 5 bila kuambiwa chumvi ilikuwa kiasi gani hajaambiwa mengi.

Wafanyakazi wa maabara za Riyadh na Jeddah hutegemea kanuni hiyohiyo kila wanapopima sampuli ya mtu anayeshukiwa kuwa na MERS. Kipimo cha PCR kilichotengenezwa mwaka 2012 na Victor Corman na Christian Drosten nchini Ujerumani hunakili kwanza RNA ya virusi kuwa DNA, kisha hupandisha joto hadi digrii 95 ili nyuzi ziachane, na kulishusha hadi karibu digrii 58 ili vipande vifupi vya utambuzi vishike mahali pake. Joto hilo likikosewa kwa digrii chache, kipimo huweza kumkosa mgonjwa au kushika kisichokuwepo.

Nguvu kupita kiasi

Kama uimara ungekuwa ndio kila kitu, dawa bora ingejengwa kwa LNA kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliyojengwa hivyo haifanyi kazi.

Sababu ya kwanza ni ile hatua ya kuachana. Nyuzi zilizofungwa kwa nguvu mno hukwama ndani ya Argonaute, au haziingii kabisa. Sababu ya pili iligunduliwa mwaka 2003 na makundi mawili nchini Marekani, moja la Anastasia Khvorova na jingine la Phillip Zamore. Argonaute haichagui uzi kiongozi kwa bahati nasibu. Huchungulia ncha mbili za jozi, na huuchukua uzi ambao mwanzo wake uko kwenye ncha iliyolegea zaidi. Jozi iliyofungwa kinyume humwacha kiongozi asiye sahihi, na virusi havisumbuliwi hata kidogo.

Kwa hiyo wanaotunga vipande vya siRNA huweka adenini na urasili kwenye ncha moja, guanini na sitosini kwenye ncha nyingine, na pale herufi zinapokataa kutii, hutumia matofali ya kukaza na ya kulegeza kurekebisha mizani.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kwa usalama wa mgonjwa. Uzi kiongozi huanza kutafuta mwenzi wake kwa herufi chache tu, ya 2 hadi ya 8. Herufi 7 ni chache mno. Katika maelfu ya jumbe zilizomo ndani ya seli ya binadamu, nyingi zitalingana nazo kwa sadfa, na uzi ukishika hapo kwa nguvu, utazima jeni zisizo na hatia. Programu ya siDirect, iliyotungwa Japan, hukataa kipande chochote ambacho sehemu hiyo ya herufi chache ina joto la kuyeyuka linalozidi digrii 21.5.

Hapo ndipo GNA ilipopata kazi. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya Alnylam ya Marekani walieleza kwamba baadhi ya siRNA zilizokuwa zikiyadhuru maini ya panya zilikoma kufanya hivyo baada ya kitofali kimoja cha GNA kuwekwa katika sehemu hiyo. Uzi uliolegezwa haukuweza tena kushika jumbe za sadfa, lakini kwenye shabaha yake halisi, ambako herufi zote zinapachana, ulishika vya kutosha. Kitofali dhaifu, mahali panapostahili, kiliifanya dawa kuwa salama zaidi.

Mafanikio ya mkondo huu hayana shaka tena. Patisiran, dawa ya kwanza ya siRNA, iliidhinishwa Marekani mwezi Agosti mwaka 2018 kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu mishipa ya fahamu. Inclisiran, inayopunguza lehemu mwilini, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020; karibu matofali yake yote yamebadilishwa kwa methili au florini, na baada ya dozi za mwanzo hudungwa mara moja tu kila miezi 6. RNA ambayo ingedumu dakika chache sasa hufanya kazi kwa nusu mwaka.

Riyadh, Desemba 2020

Tarehe 10 Desemba mwaka 2020 Saudi Arabia iliisajili chanjo ya Covid-19 ya Pfizer na BioNTech, na wiki moja baadaye watu wa kwanza walichanjwa mjini Riyadh. Kwa wengi wao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuingizwa mwilini RNA iliyorekebishwa.

Badiliko hapa halikuwa la sukari, bali la besi. Mwaka 1951 watafiti wa Marekani waligundua katika RNA ya kawaida herufi ya tano, ambayo baadaye iliitwa sudouridini: ni urasili ileile, ila imeshikamana na sukari kwa kaboni badala ya naitrojeni. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba RNA yenye herufi hiyo haiamshi kengele za kinga za mwili kama RNA ya kawaida inavyofanya. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Chanjo za Pfizer na Moderna zinatumia ndugu yake, sudouridini yenye methili, mahali pa kila urasili.

Kampuni ya CureVac ya Ujerumani ilichagua kutobadilisha herufi yoyote. Mwaka 2021 chanjo yake ilionyesha ufanisi wa asilimia 48, ikilinganishwa na 95 za Pfizer katika jaribio la mwaka 2020. Si haki kuyaweka matokeo hayo yote juu ya herufi moja, kwa sababu dozi ya CureVac ilikuwa ndogo zaidi na aina za virusi zilizokuwa zikisambaa zilikuwa nyingine. Lakini kampuni hiyo nayo iligeukia RNA iliyorekebishwa.

Uimara wa nyuzi pacha una nafasi hapa pia, ingawa RNA ya chanjo ni uzi mmoja. Uzi mrefu hujikunja na kupachana wenyewe kwa wenyewe, na sudouridini yenye methili huikaza mikunjo hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Moderna walionyesha kwamba mikunjo iliyo ndani ya ujumbe huifanya RNA idumu zaidi na kutoa protini nyingi, lakini mikunjo mikali mwanzoni mwa uzi huizuia ribosomu isianze kusoma.

Herufi hiyo mpya nayo haikukosa dosari. Mwezi Desemba mwaka 2023 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba ribosomu wakati mwingine huteleza herufi moja inapoisoma, ikatoa protini isiyokusudiwa. Hawakuona dalili ya madhara kwa waliochanjwa, na walionyesha kwamba mtelezo hupungua maandishi yakipangwa upya.

Chanjo hizo zina deni kwa MERS. Kabla ya Covid-19, wanasayansi wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani na washirika wao walikuwa wakiichunguza protini ya nje ya virusi vya MERS, na mwaka 2017 walichapisha namna ya kuituliza kwa kubadilisha asidi amino mbili. Mbinu hiyohiyo ilitumika katika chanjo za Pfizer na Moderna.

Chanjo ya MERS yenyewe bado inasubiriwa. Ile iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oxford, ambayo hutumia virusi vya mafua vilivyodhoofishwa na si RNA, ilijaribiwa Riyadh kuanzia Desemba 2019 kwa watu wazima 24, na ikaonekana salama kiasi cha kuendelea.

Mlango wa mapafu

Dawa nyingi za siRNA zilizoidhinishwa huenda kwenye ini. Wakemia huziunganisha na sukari tatu ambazo seli za ini zina kipokezi chake, nazo huvutwa ndani. MERS hushambulia mapafu, na seli za mapafu hazina mlango unaofunguka kwa wepesi kama huo. Juu yake kuna ute, na seli za kinga ambazo kazi yao ni kumeza kila kigeni kinachovutwa na pumzi.

Jaribio lililofika mbali zaidi ni la Urusi. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Kinga mjini Moscow walitangaza siRNA dhidi ya virusi vya Covid-19 iliyokazwa kwa matofali machache ya LNA, ikachanganywa na kibebeo cha protini ndogo na kuvutwa puani kama mvuke. Urusi iliisajili kuwa dawa mwaka huohuo. Jaribio lake kwa wagonjwa lilikuwa dogo, na wagonjwa walijua walichopewa, jambo linalopunguza uzito wa matokeo.

Kwa vipande vilivyochaguliwa Jeddah, kazi iliyobaki inafahamika: kuchagua herufi zipi zipewe methili, zipi florini, ncha ipi ilegezwe na ipi ikazwe, kisha kupima upya kama bado vinazima virusi, kwanza katika seli na halafu katika wanyama. Panya wa kawaida hawafai kwa kazi hiyo, kwa kuwa kipokezi chao hakivipokei virusi vya MERS. Hutumiwa panya waliobadilishwa jeni ili wabebe kipokezi cha binadamu.

Ugumu mwingine ni wa wagonjwa wenyewe. Wagonjwa wa MERS ni wachache kila mwaka, na hujitokeza wametawanyika. Jaribio la Profesa Arabi, likishirikisha hospitali 9, lilihitaji zaidi ya miaka mitatu kuwapata wagonjwa 95.